Nishani ya Vita na Nishani ya Ushujaa: Tatizo la Istilahi na Haki ya Mtu

Jioni moja jirani yangu hapa Kunduchi, mzee aliyestaafu utumishi wa serikali, alinijia akiwa na kopo la biskuti la zamani na karatasi moja iliyopigwa chapa. Baada ya kuamkiana alisema, "Mwalimu, nimekuletea kazi, ila si kazi ya fedha." Ndani ya kopo mlikuwa na vitu vinne vya marehemu baba yake, aliyekuwa askari wa KAR na kupigana Uhabeshi na Burma katika Vita Kuu ya Pili: nyota tatu zenye ncha sita na kipande kimoja cha mviringo, kila kimoja na utepe wake uliofifia. Karatasi ilikuwa tafsiri ya Kiswahili ya hati ya utumishi wa marehemu, iliyofanywa zamani na ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Sentensi yake ya mwisho ilisema kwamba marehemu "alitunukiwa Nishani ya Juu ya Ushujaa". Familia ilikuwa ikilijenga upya kaburi, na maneno hayo yalikuwa yachongwe juu ya jiwe. Alilokuja kuniuliza mzee ni jambo dogo tu: je, neno "Juu" liandikwe kwa herufi kubwa au ndogo?

Nilivitazama vitu vile nikashindwa kulijibu swali lake. Nyota ya kwanza ilikuwa ile ya 1939–45, yenye utepe wa rangi tatu za majeshi ya bahari, nchi kavu na anga. Ya pili ilikuwa Nyota ya Afrika, ambayo utepe wake una rangi ya mchanga wa jangwani. Ya tatu ilikuwa Nyota ya Burma. Kile cha mviringo, chenye kichwa cha mfalme upande mmoja na simba aliyesimama juu ya joka upande wa pili, kilikuwa Medali ya Vita ya 1939–45. Vyote vinne ni vitu vya heshima, na mtu hakuvipata kwa kukaa nyumbani. Lakini hakuna hata kimoja kinachotolewa kwa ushujaa. Hutolewa kwa kila askari aliyetimiza muda uliowekwa mahali palipotajwa, awe shujaa, awe mwoga, awe mpishi wa kombania.

Basi ofisi ile ilikosea wapi? Sidhani kwamba mfasiri alikusudia kudanganya. Alikutana na neno la kigeni, akatafuta neno la Kiswahili lililokuwa karibu, akalipata "nishani". Na kwa kuwa aliona vita vikitajwa, akaongeza "ya ushujaa" ili sentensi ipate uzito. Kosa hili hutendeka kila siku katika magazeti, katika hotuba na hata katika barua za serikali. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini ni kosa, na ni maneno gani yaliyomo katika lugha yetu yanayoweza kutuepusha nalo. Tatizo ni kubwa zaidi ya jiwe moja la kaburi, kwa maana wako watu waliotenda ushujaa wa kweli katika vita hivyo hivyo, wakiwa askari wa nchi hii, ambao hawakuvishwa kitu. Tukigawa neno "ushujaa" ovyo, hata hao tunawapunja.

Tuanze na maneno yenyewe. "Nishani" asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni alama. Waturuki waliitumia kwa alama za heshima zilizotolewa na masultani wao, na katika pwani yetu neno hilo lilikuwa na makao muda mrefu kabla ya KAR kuundwa. Sultani Barghash wa Unguja alianzisha nishani yake ya Nyota Ing'aayo katika miaka ya 1870. "Medali" tumelipata kwa Waingereza, na katika matumizi ya leo limeelemea zaidi upande wa michezo: mkimbiaji hupata medali ya dhahabu, wala hatumwambii kwamba amepata nishani. "Tuzo" ni neno letu wenyewe, kutoka "kutuza", yaani kumpa mtu kitu kwa kumpendezwa, kama atuzwavyo mchezaji hodari wa ngoma. Mwandishi wa vitabu hupata tuzo. Askari akipewa fedha kwa kumkamata mhalifu, hiyo pia ni tuzo. Lakini kipande cha chuma kinachoning'inia kifuani mwa askari ni nishani, na yafaa tulitumie neno hilo kama jina la jumla, kisha tueleze ni nishani ya namna gani.

Namna hizo ni tatu, nazo hazilingani kabisa kwa uzito. Iko nishani ya daraja, ambayo dola humpa mtu kwa ajili ya kazi ya maisha yake au cheo chake. Nishani ya Mwenge wa Uhuru, yenye madaraja yake, ni ya kundi hili. Iko nishani ya utumishi, nayo inahesabu miaka au mahali. Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, waijuayo wanajeshi wetu wote, inahesabu miaka na mwenendo. Nyota za Mzee wangu zilihesabu mahali na muda. Ya tatu ndiyo adimu. Ni nishani ya ushujaa, nayo haihesabu kitu chochote ila tendo moja, lililotendwa siku moja, mara nyingi kwa muda usiofika nusu saa, mbele ya mashahidi. Kwa sababu hiyo nishani ya ushujaa haikamiliki bila maandishi yanayolieleza tendo lenyewe. Wafasiri wengi huyaita maandishi hayo "wasifu". Naona si sawa. Wasifu ni habari za maisha ya mtu tangu kuzaliwa kwake. Haya ni maelezo ya robo saa. Mimi huyaita "hati ya tendo", na sijapata mtu wa kunipinga, ingawa labda ni kwa sababu wachache huyafasiri.

Hapo pia panahusika kitenzi. Kwa Kiingereza wanasema kwamba mtu "ameshinda" nishani, na siku hizi tunasikia redioni kwamba askari fulani "alishinda Msalaba wa Victoria", kana kwamba yalikuwa mashindano ya mbio za magunia. Kiswahili kina "kuvishwa" na "kutunukiwa", vitenzi viwili vizuri ambavyo havina mwenzi katika lugha nyingi. "Kuvishwa" kunatuonyesha mkono wa mkubwa ukimfungia askari utepe kifuani. "Kutunukiwa" kunatokana na tunu, kitu cha thamani kisichopatikana kila siku, na kwa hiyo kinafaa kwa nishani ya ushujaa na ya daraja. Kwa nyota zilizogawiwa maelfu kwa maelfu baada ya vita, "kupewa" kunatosha, wala si dharau.

Sasa nimwombe msomaji aje nami barabarani. Atokaye Kunduchi kwenda mjini kwa Barabara ya Bagamoyo hupita Mbezi, na kabla hajafika Mwenge huikuta kambi ya Lugalo. Jina hilo ni la ushindi wa Wahehe wa Mkwawa, waliokivunja kikosi cha Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Lakini kambi hiyo ilijengwa kwa jina jingine. Iliitwa Colito, na wazee wanaokumbuka maasi ya askari ya Januari 1964 hulikumbuka jina hilo kwa sababu maasi yalianzia hapo. Ni wachache wanaokumbuka Colito ilikuwa nini.

Colito ni mahali kusini mwa Ethiopia, karibu na mto Billate. Tarehe 19 Mei 1941 kikosi cha 1/6 cha KAR, ambacho askari wake waliandikwa Tanganyika, kilivuka mto huo chini ya risasi na kushika ng'ambo sehemu ndogo isiyo imara. Waitalia wakarudisha mashambulizi kwa vifaru. (Tazama jinsi askari wenyewe walivyolitatua tatizo la istilahi bila kamati: chombo kizito chenye ngozi ngumu, kinachokwenda mbele bila kuona vizuri pembeni, wakakiita kifaru. Na bunduki inayotema risasi mfululizo wakaiita bombomu kwa kuisikiliza.) Sajini mmoja wa kikosi hicho, Nigel Leakey, mlowezi aliyezaliwa Kenya, alirukia juu ya kifaru kilichokuwa kikija nyuma ya askari wetu, akafungua kifuniko kwa nguvu, akawapiga bastola waliokuwa ndani isipokuwa dereva, akamlazimisha dereva kukiendesha mpaka mafichoni. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru kile; haukukubali. Akashuka, akavifuata vifaru vingine kwa miguu. Viwili vilipita. Akapanda juu ya cha tatu, na alipokuwa amekifungua akapigwa risasi za bombomu kutoka kifaru cha nne. Kwa tendo hilo alitunukiwa Msalaba wa Victoria, na habari ilitangazwa katika Gazeti la Serikali la London tarehe 15 Novemba 1945, miaka minne na nusu baada ya kufa kwake.

Msalaba wa Victoria ndio nishani ya ushujaa iliyo juu kuliko zote katika majeshi ya Uingereza. Ulianzishwa mwaka 1856, na hadi leo umetolewa mara zaidi kidogo ya 1,350 tu. Katika Vita Kuu ya Pili yote ulitolewa mara 182. Watu watatu tu wamewahi kuupata mara mbili, na hao hawakupewa msalaba wa pili bali pau ndogo ya chuma juu ya utepe wa kwanza. Nimewahi kuona ukiandikwa "Msalaba wa Ushindi". Hilo ni kosa la mtu aliyelitafsiri jina la malkia. Victoria hapa ni mtu, na jina la mtu halitafsiriwi.

Lakini sikumleta msomaji mpaka Colito kwa ajili ya Leakey peke yake. Hati ya tendo lake inasema kwamba alipovifuata vile vifaru kwa miguu hakuwa peke yake. Alifuatana na sajini meja wa kombania, Mwafrika, na askari mwingine mmoja. Wote wawili walikwenda mahali pale pale palipofagiwa na risasi, kuvinyemelea vifaru vile vile, nao hawakuwa na vifuniko vya chuma vya kujikinga. Hati haiwataji majina.

Sasa mfasiri na aangalie mtego uliopo hapa. Katika Kiingereza cha majeshi ya Afrika Mashariki yalikuwapo maneno mawili. Mzungu aliyebeba bunduki aliitwa kwa neno la Kiingereza. Mwafrika aliyebeba bunduki aliitwa "askari", neno letu, lililochukuliwa na kuingizwa katika maandishi yao. Msomaji wa London alipoliona neno "askari" alijua mara moja rangi ya mtu aliyetajwa. Tukiirudisha hati hiyo katika Kiswahili, maneno yote mawili yanakuwa "askari", na tofauti ile inayeyuka. Mtu akisoma tafsiri atadhani kwamba jeshi lile halikubagua. Neno letu limerudi nyumbani, lakini limerudi bila mzigo liliobebeshwa ugenini. Kwa hiyo nashauri kwamba kila panapotokea neno hilo katika maandishi ya Kiingereza ya wakati ule, mfasiri aandike "askari Mwafrika", hata kama asili haina neno la pili. Huko si kuongeza kitu. Ni kusema kilichosemwa.

Nilipomweleza Mzee habari hizi aliuliza, kama ambavyo mtu yeyote angeuliza, "Basi huyo sajini meja jina lake nani?" Nikamwonyesha mstari wenyewe. Aliusoma mara mbili, akiweka kidole juu ya karatasi.

Hakuna askari Mwafrika yeyote wa KAR aliyepata kutunukiwa Msalaba wa Victoria, katika vita vile vya kwanza wala vya pili. Katika Vita Kuu ya Kwanza msalaba huo ulitolewa kwa matendo manne yaliyofanyika katika nchi zetu, na matatu kati yake ni haya. Wilbur Dartnell aliupata kwa kubaki na majeruhi wake karibu na Maktau, Kenya, tarehe 3 Septemba 1915, akauawa nao. William Bloomfield aliupata kwa kurudi kumchukua koplo aliyejeruhiwa huko Mlali, Morogoro, tarehe 24 Agosti 1916. Frederick Booth aliupata kwa kumwokoa majeruhi na kuwakusanya tena askari Waafrika waliokuwa wametawanyika, karibu na Songea, tarehe 12 Februari 1917. Wote watatu walikuwa Wazungu. Wapagazi waliobeba vita vile mabegani wametuachia neno moja, Kariakoo.

Haina maana kwamba askari Waafrika hawakutambuliwa kabisa. Walikuwa na medali yao ya ushujaa, tofauti na ile ya wenzao Wazungu, na mgawanyo huo uliendelea mpaka mwaka 1942 ulipofutwa na wote wakawekwa chini ya medali moja. Na hapa upo mtego mwingine, mbaya kuliko wa kwanza. Jina la Kiingereza la medali hiyo lina neno ambalo kamusi hulieleza kuwa ni "mwenendo" au "tabia". Mfasiri asiyejua mambo ya jeshi ataiita "Medali ya Tabia Njema", na mara hiyo askari aliyeirudia bombomu ya adui peke yake atakuwa amewekwa safu moja na askari ambaye kwa miaka kumi na minane hakuchelewa gwaride. Neno lile hapo linamaanisha jinsi mtu alivyojichukua mbele ya adui. Napendekeza "Medali ya Matendo Mashuhuri Vitani". Ni ndefu, nakubali. Lakini mwenye mababu waliovishwa medali hiyo na achunguze hati zake upya: huenda katika sanduku fulani Kinondoni au Temeke imo karatasi isemayo "tabia njema" juu ya mtu aliyefanya jambo ambalo kijiji kizima kingepaswa kulijua.

Neno "marehemu" nalo linataka uangalifu. Mara nyingi nishani za juu hutolewa baada ya kifo, na Kiswahili hakina neno moja kwa jambo hilo. Tunasema "alitunukiwa baada ya kufa kwake", na maneno hayo yanatosha. Wengine hupenda kufupisha: "marehemu alitunukiwa". Ufupi huo una hatari. Katika Agosti 1940 Waitalia walipoivamia Somalia ya Waingereza, Kapteni Eric Wilson alikaa siku kadhaa na bombomu zake kwenye kilima kimoja cha Tug Argan pamoja na Wasomali wa kikosi cha ngamia. Sajini wake Msomali, Omar Kujoog, aliuawa kando yake. Wilson mwenyewe alijeruhiwa, na kilima kilipotekwa akahesabiwa kuwa amekufa. Oktoba 1940 ikatangazwa kwamba ametunukiwa Msalaba wa Victoria. Mwaka uliofuata akakutwa hai katika kambi ya wafungwa wa vita huko Eritrea. Baada ya vita alikuja Tanganyika akafanya kazi ya utawala mpaka wakati wa Uhuru, na hakuwa marehemu mpaka Desemba 2008, akiwa na umri wa miaka 96. Mfasiri na aandike lililo katika hati: nani, kwa tendo gani, lini, na neno "marehemu" alitumie kwa aliyekufa kweli.

Je, mambo haya ni ya zamani tu? La hasha. Wanaokuja kusoma katika Chuo cha Taifa cha Ulinzi, kilichofunguliwa hapa Kunduchi mwaka 2012, wanatoka katika majeshi yanayotumwa nchi za watu kulinda amani, na huko nako kuna nishani. Iliyo juu kuliko zote katika Umoja wa Mataifa ina jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, ambaye katika mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994 aliwaokoa watu wengi kwa kuwapitisha vizuizini, mpaka tarehe 31 Mei alipouawa na kombora. Baraza la Usalama liliianzisha mwaka 2014, na ya kwanza ilikabidhiwa familia yake mwaka 2016. Ya pili ilitolewa tarehe 24 Mei 2019, na hiyo inatuhusu sisi moja kwa moja.

Novemba 2018, karibu na Kididiwe katika wilaya ya Beni, mashariki mwa Kongo, askari wa Malawi na wa Tanzania walikuwa pamoja katika mapambano na waasi wa ADF. Koplo mmoja wa JWTZ alijeruhiwa vibaya akawa hawezi kusogea, naye yuko wazi mbele ya risasi. Askari Chancy Chitete wa Malawi alimwendea, akamburura mpaka mahali penye usalama, akaanza kumzuia damu. Alipokuwa katika kazi hiyo akapigwa yeye. Koplo alipona. Chitete alikufa. Familia yake ndiyo iliyoipokea nishani mjini New York kutoka kwa Katibu Mkuu António Guterres. Mwaka 2022 ilitolewa tena baada ya kifo, kwa Kapteni Abdelrazakh Hamit Bahar wa Chad.

Kwa Kiswahili jina la heshima hii hutajwa kuwa ni Medali ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ujasiri wa Kipekee. Wako watakaouliza kwa nini "ujasiri" na si "ushujaa". Nadhani aliyechagua alichagua vema. Shujaa, katika masikio yetu, ni mtu wa vita: anapigana, na kwa kawaida anashinda. Jasiri ni mtu anayeikabili hatari kwa macho wazi, hata mikono yake ikiwa mitupu. Diagne hakufyatua risasi. Chitete alipigwa akiwa anamhudumia majeruhi. Kuna na neno la tatu, "ushupavu", kutoka "kushupaa", yaani kukazana, kuwa mgumu. Hilo linamfaa yule asiyeachia mahali alipowekwa, kama Wilson na Wasomali wake juu ya kilima. Hati ya tendo ndiyo ituchagulie neno. Mfasiri anayetumia "ushujaa" kwa yote matatu hajakosea sarufi, lakini amemnyima msomaji habari ya kile kilichotendeka.

Nirudi kwa Mzee. Kumwambia kwamba baba yake hakutunukiwa nishani ya ushujaa hakukuwa jambo jepesi, na sikulisema siku ile ya kwanza. Amelibeba neno lile tangu utoto wake. Nililisema siku ya pili, kwa upole kadiri nilivyoweza, nikiwa nimeziweka zile nyota mezani na kumweleza moja baada ya nyingine ilikuwa ya nini. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama Nyota ya Afrika ilitolewa kwa waliopigana Uhabeshi, nikamwambia ndiyo. Na kama Nyota ya Burma ilitolewa kwa waliofika Burma kweli, nikamwambia ndiyo, haikutolewa kwa waliobaki Nairobi. "Basi alifika," akasema. "Watu wa hapa walikuwa wakisema baba aliishia Mombasa, akipika."

Tulikaa tukayaandika upya maneno ya jiwe. Mwanawe mmoja alipendekeza tuache tu "nishani nne", bila kusema za nini, ili kila apitaye ajazie mwenyewe. Mzee alikataa. Maneno tuliyoyakubali yalikuwa haya: "Alikuwa askari wa KAR. Alipigana Uhabeshi na Burma. Alipewa nishani nne za kushiriki Vita Kuu ya Pili ya Dunia." Nilikuwa nimeandika "askari Mwafrika" kwa kufuata kanuni yangu mwenyewe, akalifuta neno la pili kwa kalamu, akasema kwamba jiwe liko Kunduchi na hapa kila mtu anajua.

Fundi wa Mtongani anayechonga mawe hulipwa kwa herufi. Alihesabu, akasema kwamba maneno mapya ni marefu kuliko yale ya kwanza na bei itapanda. Mzee akalipa tofauti.